Msiikate Solo ya Besi

Juzi usiku nilikuwa ukumbini wakati mpiga gitaa la besi mmoja alipoachiwa jukwaa apige solo, peke yake. Mpiga kinanda alikunja mikono, mpiga dramu akashuka kunywa maji, na yule bwana akabaki na nyuzi zake nne kwa dakika kama tisa hivi. Asubuhi rafiki akanitumia video ya usiku uleule. Ina sekunde 40. Inaanza pale dole gumba linapoanza kuzikung'uta nyuzi kwa kasi, inaishia pale ukumbi mzima unapolipuka kwa shangwe. Aliyeirusha ameandika kwamba hiyo ndiyo solo yenyewe.

Hiyo siyo solo yenyewe. Nimeamka nayo siku ya tatu sasa na hasira haijapoa, ndiyo maana naandika.

Zile sekunde 40 zilikuwa sehemu nyepesi kuliko zote. Kasi ya namna ile vidole vyake vimeizoea kwa miaka, vinaijua njia hata macho yakifumbwa. Kilichonikata pumzi kilitokea mapema, labda dakika ya tatu. Alikuwa ameuacha uzi mnene kabisa uvume peke yake, huku mkono wa kushoto ukitafuta haramoniki, zile sauti nyembamba za kengele zinazopatikana kwa kuugusa uzi bila kuukandamiza. Akaipata moja, ikatoka sauti isiyokaa na noti ya chini hata kidogo. Tulisikia wote. Angeweza kuikimbia, kuizika chini ya noti nyingine ishirini za haraka, na hakuna ambaye angemlaumu. Akairudia. Akairudia tena, taratibu, kama anayemwita mtu kwa jina ili ajue hakukosea kumwita. Kisha akahamisha noti ya chini hatua moja tu, na ile sauti iliyokuwa mgeni ikawa mwenyeji. Mtu aliyekaa mbele yangu alishika kichwa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo solo ilipozaliwa. Kila alichopiga baadaye, hata ile kasi iliyoshangiliwa, kilitokana na kosa lile na jinsi alivyokataa kuliacha. Anayeiona video leo anaona vidole tu. Hajui vidole vile vilikuwa vinajibu nini.

Gitaa la solo likipaa, chini kuna besi inaliwekea sakafu. Saksafoni ikipotea, besi inairudisha nyumbani. Sasa besi yenyewe ikiamua kupaa, nani anabaki chini? Hakuna. Mpiga besi aliye peke yake ni mjenzi wa nyumba na ndiye mpangaji wake: lazima aweke sakafu, aikimbie, acheze juu, arudi kuiweka upya kabla hatujahisi tunaanguka. Uzi wa chini kabisa wa besi ya kawaida unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Ukiupiga na kuuacha, unavuma kwa muda kisha unafifia, na ndani ya muda huo ndimo anamopata nafasi ya kuimba juu. Noti inazimika, lakini sikio lako linaendelea kuishikilia. Wewe msikilizaji ndiye unayembebea sakafu kwa zile sekunde chache. Ndiyo maana ukumbi hunyamaza kiasi kile: kila mtu ana mzigo mkononi.

Kwa hiyo kimya kilichomo ndani ya solo ya besi ni kazi inayofanyika, yeye na sisi pamoja. Anayekifuta ili tufike haraka kwenye shangwe amefuta kazi akabakiza malipo.

Nirudi nyuma kidogo. Kundi la jazi la Weather Report lilitoa albamu ya 8:30 mwaka 1979, na ndani yake mna kipande kiitwacho Slang ambacho ni Jaco Pastorius peke yake na besi yake mbele ya watu. Nimekisikiliza tangu ujana na bado kinanifundisha. Anatumia mtambo wa kuchelewesha sauti: anapiga kifungu kifupi, mtambo unakidaka na kukirudia bila kukoma, naye anapanda juu yake. Siku hizi pedali za lupu, vile vifaa vya kukanyaga vinavyonasa sauti na kuirudia, ziko kila mahali na hakuna anayeshtuka. Ila sikiliza jinsi anavyokilaza kile kifungu cha kwanza. Unasikia jiwe likiwekwa, linakaa sawa, ndipo linakuja la pili. Ukianzia katikati utadhani kuna wapiga besi wawili au watatu. Utamu wote uko katika kujua kwamba ni mmoja, na kwamba umemwona akijizidisha mbele yako.

Jaco alifariki Septemba 1987 akiwa na miaka 35. Solo zake za jukwaani tunazo kwa sababu kuna watu waliacha tepu izunguke. Wangekuwa na haraka ya huyu aliyerusha video, tungekuwa na mafungu ya noti za kasi tu, na kijana anayejifunza leo angeamini kwamba yule mtu alikuwa mashine.

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila kinachopigwa katika solo kimebuniwa papo hapo. Jaco mwenyewe alikuwa na vituo vyake. Kile kipande cha wimbo Third Stone from the Sun wa mpiga gitaa Jimi Hendrix alikirudia katika solo zake jioni baada ya jioni. Kuna waliochoka nacho. Mimi sijachoka, kwa sababu kituo kinajulikana, njia haijulikani. Hata mtunga mashairi anayejibizana papo kwa papo ana vina alivyozoea, na hatumwambii kwamba amekariri.

Nakubali pia kwamba kuna solo za besi zisizojua kwao. Nimekaa nikasikiliza mtu akizunguka dakika kumi bila kusema neno. Lakini hata huyo, mpe dakika zake zote umhukumu kwa ukamilifu. Ukimkata, hata ubovu wake hatutaujua.

Wapo watakaoniambia kwamba video fupi huwaleta watu kwenye muziki. Huenda. Basi waoneshwe mlango, si picha ya mlango.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda sana kuhusu tofauti ya studio na jukwaa. Katika wimbo You Can Call Me Al wa Paul Simon, wa mwaka 1986, Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini anapiga kifungu cha besi kifupi kinachoshuka kama maji, kisha kinajipindua. Nusu ya pili ni ile nusu ya kwanza iliyogeuzwa kwenye tepu, ikachezwa kinyumenyume. Ni kazi nzuri mno, na studio ina haki ya kufanya hivyo. Hapo mkasi ulikuwa ala mojawapo. Jukwaani hakuna kinyumenyume. Kilichotoka kimetoka, na mpiga besi anaishi nacho. Kuchukua kitu kilichobuniwa bila mkasi na kukitia mkasi baadaye ni kukigeuza kiwe kitu kingine, halafu ukakiacha na jina la mwenyewe.

Richard Bona, mpiga besi wa Kamerun, naye hurekodi sauti yake jukwaani, tabaka juu ya tabaka, mpaka anakuwa kwaya. Hebu jaribu kumkata Bona akiwa tabaka la tatu uone kama utaelewa kwa nini watu wanalia.

Na wale wanaosubiri zamu ya besi ndipo watoke nje kupiga simu, sina la kuwaambia leo.

Nilimwandikia rafiki yangu kwamba video imekatwa. Akanijibu kwamba hakujua kulikuwa na kitu kabla yake. Hakujua! Na hana kosa, hakuwepo. Nikamsimulia ile haramoniki, ile noti ya chini iliyohama, kile kichwa kilichoshikwa kwa mikono miwili, akanitaka nimtumie. Sina. Simu yangu ilikuwa mfukoni, nami sijuti kwa hilo.

Lakini usiku ule niliona simu nyingi zimeinuliwa tangu mpiga dramu aliposhuka. Mmoja wenu anayo video yote. Naomba aliye nayo aitoe kama ilivyo, na mtikisiko wake wa mkono, na yule aliyekohoa dakika ya pili, na ile noti iliyokosewa. Iliyokosewa hasa.