Mgeni wa klabu apewa dakika za mwisho, kwa nini lakini?

Jamani hii tabia ya klabu yetu ya huduma kwa jamii yaniudhi kweli. Kila wiki twaalika mgeni wa kuzungumza, safari hii fundi wa sola, katoka Mtwapa na foleni yote ile mpaka Nyali, halafu akae pale kutuangalia tu. Mara utambulisho, kila mtu na cheo chake, mara faini za waliochelewa, mara matangazo ya harambee, mara picha na bango na picha tena kwa sababu kuna aliyefumba macho, saa yayoyoma na chai yapoa.

Akija kusimamishwa, watu washashika funguo za gari. Na alikuwa na maneno yule! Kaanza kutueleza umeme wa Kenya mwingi watoka kwa mvuke wa chini ya ardhi kule Olkaria, mito na upepo, kule karibu na Ziwa Turkana pekee mitambo 365 ya upepo, jumla megawati 310, akagusa vile chumvi ya bahari yala vyuma vya kushikilia paneli, utumie alumini na bolti za stenlesi, na joto nalo lapunguza nguvu ya paneli kwa hivyo uache nafasi hewa ipite chini. Hayo ndo nataka mie, nyumba yangu iko karibu na maji! Nainua mkono niulize betri, naambiwa muda umekwisha, tumpigie makofi.

Makofi ya nini na hatujamsikia? Wiki ijayo mgeni aanze, faini zingoje.