Sabufa Iliyozama Kama Liemba

Nisiwadanganye, sikujitolea kwa ajili ya moyo wa huruma. Kila tangazo la kazi nililosoma lilitaka uzoefu wa miaka mitatu, na uzoefu niliokuwa nao mimi ulikuwa wa kutoa fotokopi kwenye steshenari ya shemeji yangu hapa Ujiji. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa aliposema anatafutwa kijana aliyesoma, akae na watoto wakitoka shule, awasaidie kazi za nyumbani na kuwapa mawaidha ya maisha, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Na wa mwisho pia, maana hakujitokeza mwingine.

Tulikutana Jumanne na Alhamisi, saa 10 jioni, chini ya mwembe. Hesabu za sehemu nilizimudu mpaka darasa la tano. Wa darasa la sita wakiniletea swali nilikuwa nawaambia, "Hilo mkajadiliane kwenye kundi, ndiyo elimu ya siku hizi." Kilichonishinda kabisa ni mawaidha. Utamwambia nini mtoto wa Ujiji kuhusu kujituma? Mwenzako kabla ya kwenda shule kashaanika dagaa mchangani, kafukuza kunguru, kaoga, kavaa. Anakuangalia tu.

Nikakimbilia historia. Habari za Stanley na Livingstone, wale Wazungu waliokutana hapa Ujiji 1871, zilikufa hapo hapo. Mnara uko mtaani kwao na wameshapelekwa kuuangalia mpaka wamechoka. Nikawaletea Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo nilipopata macho yao.

Nilisimulia kwa mikono, kwa mdomo na kwa honi. Meli imeundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikavuka bahari, ikapanda treni mpaka huku kwetu mwisho wa reli, ikaungwa upya. Vita ikaja. Mwaka 1916 Wajerumani wakaona hawana ujanja, adui anakuja kuichukua. Wakafanyaje? Wakazipaka mashine grisi nene zisipate kutu, wakaijaza mchanga, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini, mashine zinanguruma!

Kijana mmoja wa darasa la tano, begi lake kubwa kuliko mgongo wake, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, kwa hiyo ukiwa na kitu cha thamani na watu wanakuja kukichukua, unakipaka grisi, unatia mchanga, unakizamisha?"

"Wewe umeelewa kuliko wote," nikamwambia. "Mpigieni makofi matatu."

Wakapiga. Ile sauti ya makofi naisikia mpaka leo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata niko ubaoni, nikamwona mama mmoja anakuja, kajifunga khanga kiunoni ule mfungo wa shari. Kichwani kabeba beseni. Ndani ya beseni kuna sabufa, na sabufa inachuruzika maji ya rangi ya machungwa mpaka mabegani kwake. Nyuma yake yule kijana, anatembea kama mtu anayepelekwa kituoni.

"Wewe ndiye mwalimu wa meli?"

Nikasema, "Shikamoo mama." Nilikuwa namzidi umri, lakini siku hiyo sikuona ubaya.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama alikuwa na mkopo, ile mikopo tunayoiita kausha damu. Marejesho ya wiki mbili yalikuwa yamempita, na Ijumaa kikundi kilikuwa kimeahidi kuja kubeba kitu. Kwenye nyumba ile kitu ni sabufa. Kijana akamsikia mama yake anamwambia dada yake usiku, akalala nalo. Asubuhi mama katoka kwenda sokoni, mhandisi wangu akaingia kazini. Grisi hakuwa nayo, lakini hii ni Kigoma, mawese yapo kila jiko. Akaipaka sabufa mawese nje na ndani, spika mpaka rimoti. Lile tundu la kutolea besi akalijaza mchanga wa ziwani. Kisha akaitumbukiza kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, akafunika mfuniko.

Wale wa kikundi walipokuja wakakuta meza tupu. Wakamuuliza mtoto sabufa iko wapi, akawajibu kwa adabu, "Imezama." Wakaelewa kwamba imewekwa rehani kwa mtu mwingine, wakaondoka wamenuna. Mama naye akaelewa kaibiwa. Siku mbili alikuwa anamsema jirani yake kwa mafumbo juu ya ukuta, mpaka alipokwenda kuchota maji ya kuoshea vyombo, kata ikaja na matone ya mawese yanaelea juu.

"Basi hata kumfundisha aifunge kwenye mfuko wa nailoni umeshindwa?" akaniuliza mbele ya darasa zima.

Kijana akadakia, "Mama, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019. Mwalimu ndiye aliyetwambia."

Nilitamani kumziba mdomo na chaki. Badala yake nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, kitu kilichopakwa mafuta vizuri hakiharibiki, hata Liemba ilikaa chini ya maji ikaja kufanya kazi.

"Baada ya miaka mingapi?" akauliza.

Watoto wote kwa pamoja, kwa furaha, hesabu ambayo kwa wiki tatu ilikuwa imewashinda: "Kumi na mmoja!"

"Mimi harusi ya mdogo wangu ni mwezi ujao," mama akasema, akanitwisha beseni.

Nikaipeleka kwa fundi. Akafungua skrubu nne, akachungulia, akanusa. Akaita fundi mwenzake aje anuse. Mchanga ulikuwa umeshikana na mawese yaliyoganda, saketi yote imelala humo ndani kama mboga. "Kaka," akaniambia, "hapa mimi sina cha kufanya. Tia dagaa na chumvi, bandika jikoni."

Sabufa ilikuwa ya shilingi 90,000. Mimi wa fotokopi sikuwa nazo, na mama hakutaka kusikia habari za kujitolea. Tukakubaliana nimlipe 5,000 kila Jumamosi, wiki 18, na tukaandikishiana kwa mwenyekiti. Kujitolea kwangu kote, karatasi pekee yenye muhuri niliyowahi kupata ni hiyo.

Jumamosi nne za mwanzo nililipa. Ya tano, steshenari ilikaa siku tatu bila umeme, mfukoni nilikuwa na 1,200. Saa 2 asubuhi mlango ukagongwa. Nikafungua. Ni yule kijana, kavaa shati la shule siku isiyo ya shule, kalamu sikioni, daftari la mistari mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Mama kasema nifuate rejesho."

Nikaanza kumweleza habari za umeme. Akanisikiliza kwa adabu, akaangaza macho chumbani: kitanda, ndoo, meza. Akaona juu ya meza pana waya wa chaja na simu haipo. Hakuniuliza kitu. Akaweka daftari chini, akapita pembeni yangu, akaenda moja kwa moja uani, akafunua pipa la maji.