Asilimia Ishirini ya Barabara ya 12

Mimi si mtu wa kugombana madukani, na majirani zangu wa Ngamiani, Tanga, watanishuhudia. Lakini leo asubuhi, kwa ajili ya shilingi 2,000, nimesimama barabara ya 12 nikipayuka kama mnadi wa samaki.

Feni niliyoitamani iliuzwa 50,000. Kaskazi ilipovuma na joto lake, muuzaji akaipandisha kwa asilimia 20, ikawa 60,000. Masika yalipoingia, akabandika karatasi kwamba ameishusha kwa asilimia 20. Nikatoa 48,000 nilizozihesabu tangu nyumbani.

“Mjomba, ni elfu 50,” akasema. “Kilichopanda ndicho kilichoshuka.”

Nikamweleza, kwa upole unaostahili umri wangu, kwamba alipopandisha alihesabu asilimia 20 ya 50,000, yaani 10,000, ilhali aliposhusha alipaswa kuihesabu kwenye 60,000, nayo ni 12,000. Akachukua kikokotoo, akabonyeza, akakitazama, akakitikisa, kisha akakirudisha kwenye droo akisema betri imechoka. Wazee wa barazani wakahamia dukani na vikombe vyao vya kahawa. Mmoja akataka tugawane hasara, nilipe 49,000. Mwingine, ambaye hata feni hakuijia, akaamuru turushe sarafu.

Nikatoa ya shilingi 200, yenye sura ya Karume upande mmoja na simba upande wa pili, nikachagua Karume. Akatoka Karume. Muuzaji akadai hiyo ilikuwa ya majaribio. Ikarushwa tena, Karume. Nayo ikawa ya majaribio. Hapo baraza zima likakubaliana kwamba sasa ni zamu ya simba.

“Sarafu haina zamu!” nikapaza sauti hadi kofia ikanidondoka. “Haikumbuki ilivyoanguka! Kila mara ni nusu kwa nusu!”

Ikarushwa. Wakatoka simba.

Nimelipa 50,000, pamoja na vikombe vinane vya kahawa kwa 200 kila kimoja, kwani mashahidi, nimeambiwa, hawanywi bure. Ile sarafu ilikuwa yangu, na sijaiona tena.

Sasa nyumbani tuko wapangaji watatu kwenye luku moja, mita ya umeme wa kulipia kabla. Ya 10,000 tukiigawanya, kila mmoja hutoa 3,333, na ile shilingi inayobaki siku zote huwa yangu. Nimeingia na boksi mkononi, sijalitua, wenzangu wameshaniuliza kwamba feni hii itaongeza matumizi kwa asilimia ngapi.