Nilivyowaanulia Karafuu Mtaa Mzima

Mimi ni mtu wa Unguja, nimeoa Pemba, nje kidogo ya Wete. Ukweni mtu hutaka sifa. Sikufichi, sifa ndiyo iliyoniponza.

Msimu ulikuwa umepamba moto: kila uwanja una jamvi, harufu ya karafuu imeingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Siku hiyo mtaa mzima ulikwenda mazikoni Mtambwe. Mimi nilibaki, nimechomwa mwiba mguuni. Bi Mkubwa wa mlango wa pili akapita na buibui lake:

"Mwanangu, ukiona wingu nianulie vikarafuu vyangu. Vitie bandani tu, basi."

Hiyo "basi" ndiyo sikuisikia.

Saa nane mchana wingu likatanda, jeusi kama chungu cha ubwabwa. Nikaanua za Bi Mkubwa, kazi ikaisha. Kutupa jicho: jamvi la mzee anayetuadhinia liko wazi. La Ami seremala, wazi. La shemeji yangu, wazi. Sasa mtu mzima na ndevu zake aanue za mmoja, za wenzake zirowe? Nikawa nachechemea, nashika jamvi pembe nne, nakokota, namimina bandani, narudi. Kulikuwa na jamvi la tano pembeni, nalo sikulitazama mara mbili. Nikamimina juu.

Mvua ikadondosha matone kama saba hivi, ikaenda zake. Jua likatoka, nami nikakaa barazani na kikombe cha chai, nangoja dua za wazee.

Bi Mkubwa aliingia bandani, akatoka na karafuu mbili kiganjani. Akavunja moja: ta! Ya pili ikajikunja tu, haikatiki.

"Mwanangu, hizi za nani na hizi za nani?"

Hapo ndipo niliposomeshwa jambo ambalo mtoto wa Pemba hulijua kabla ya kuota meno. Karafuu hutaka jua la siku nne, tano. Za Bi Mkubwa zilikuwa zishakauka, kesho ziende mzanini. Za shemeji zilichumwa jana, bado zina wekundu. Ukizichanganya, mbichi inamrudisha mwenziwe nyuma. Na jamvi la tano? Makonyo, vile vijiti walivyokesha wakivichambua.

Pishi ikaletwa tugawane. Bi Mkubwa akasema zake 25. Muadhini 20, Ami 18, shemeji 15. Jumla 78. Lundo likapimwa: 51, na makonyo yake ndani. Watu wakatazamana. Muadhini akakumbuka ana udhu wa kutia.

Tulichambua mpaka saa saba usiku chini ya taa ya banda, mimi katikati kama mshitakiwa. Hakuna aliyenigombeza. Shemeji tu kila nikipiga mwayo aliniuliza, "Mguu vipi, shemeji? Mwiba haujakuzidi ukalale?"

Siku ya tatu ilikuwa hitima, kule kule Mtambwe. Nikasema nitabaki, mguu bado. Bi Mkubwa akaja mwenyewe mlangoni.

"Leo twende sote, mwanangu. Karafuu tumemwachia mjukuu."

Mjukuu yuko darasa la tatu.

Tuko katikati ya kisomo, mabati yakaanza kulia: ta, ta, ta, kisha ikashuka yote kwa pamoja. Muadhini, Ami na shemeji wakageuka kunitazama mimi. Nikainamia juzuu yangu, nikapandisha sauti.