Siku 90 ni za nani?

Tarehe 25 Novemba 2016, Ivan Fratric, mtafiti wa Project Zero, kikosi cha Google kinachosaka kasoro za usalama katika programu, aliiarifu Microsoft kwamba amegundua kasoro katika vivinjari vyake viwili, yaani programu za kufungulia kurasa za wavuti, Edge na Internet Explorer. Ukurasa wa wavuti ulioandaliwa kwa hila ungeweza kukiangusha kivinjari na, mikononi mwa mshambuliaji hodari, kumfungulia njia ya kuendesha programu zake ndani ya kompyuta ya mtu aliyeutembelea. Kwa kanuni ya kikosi hicho, Microsoft ilipewa siku 90 za kurekebisha. Februari 2017 kampuni hiyo iliahirisha masasisho yake ya kila mwezi, siku zikaisha, na maelezo ya kasoro pamoja na mfano wa ukurasa unaoiamsha yakawekwa hadharani. Marekebisho yalitoka tarehe 14 Machi. Kwa karibu wiki tatu aliyetaka kuujua ufa aliujua, ilhali mwenye kompyuta hakuwa na cha kuuzibia.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Wapo wanaosema kasoro isitajwe mpaka dawa yake iwe tayari, na wapo wanaosema bila tarehe ya mwisho dawa haitapatikana kamwe. Microsoft ilikuwa imelalamika tangu Januari 2015, wakati kikosi hichohicho kilipotangaza kasoro ya Windows 8.1 siku mbili tu kabla ya marekebisho kutolewa, na hata mtu asiyeipenda kampuni hiyo atakiri kwamba siku mbili zingeweza kuvumilika. Kurekebisha kivinjari si sawa na kubadilisha balbu. Sehemu moja ikiguswa, tovuti zilizoitegemea huweza kuharibika, na marekebisho ya pupa kwenye seva ya barua pepe yanaweza kuziacha ofisi nzima bila mawasiliano.

Mfano wa Exchange, seva za barua pepe za Microsoft, unaupa kila upande hoja yake. Kampuni ya usalama ya DEVCORE ya Taiwan iliripoti kasoro za seva hizo kwa Microsoft tarehe 5 Januari 2021, na marekebisho yakatoka tarehe 2 Machi. Muda huo haukufika siku 90, lakini ulitosha kwa wadukuzi ambao tayari walikuwa wakizitumia kasoro hizo kimyakimya. Marekebisho yalipotangazwa, vikundi vingine navyo vilikimbilia kuwawahi wasiosasisha, na miongoni mwa walioguswa walikuwamo Bunge la Norway na Mamlaka ya Benki ya Ulaya. Katikati ya vurumai hiyo mtafiti mmoja aliweka kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana misimbo ya programu, msimbo unaoonyesha jinsi ya kushambulia, na GitHub, ambayo ni mali ya Microsoft, ikauondoa. Watafiti wengi walikasirika kwa sababu waliona mwenye bidhaa yenye kasoro ndiye anayeamua nani aizungumzie. Hasira yao naielewa. Hata hivyo, siwezi kusema kwamba msimbo ule, wakati ule, ulimsaidia msimamizi wa seva aliyekuwa bado anahangaika kusasisha.

Wanaotetea ukimya husahau jambo moja: kasoro haina mwenyewe. Aliyeiripoti hajui kama ni wa kwanza kuiona. Tarehe 14 Machi 2023 Microsoft iliziba kasoro ya Outlook, programu yake ya barua pepe na kalenda, iliyoripotiwa na kikosi cha dharura za kompyuta cha Ukraine, na utendaji wake unafaa kutazamwa kwa karibu. Mshambuliaji hutuma mwaliko wa kalenda. Ndani yake ameagiza kwamba kikumbusho kitakapolia kitumie mlio uliohifadhiwa kwenye seva yake mwenyewe. Wakati ukifika, Outlook yenyewe huenda kuutafuta mlio huo na, katika kujitambulisha kwa seva ile, humkabidhi mshambuliaji alama ya siri iliyozalishwa kutokana na nywila ya mtumiaji. Mwenye barua hajabofya kiungo wala kufungua kiambatisho, na pengine wakati huo yuko jikoni anachemsha chai. Microsoft ilisema kikundi cha Urusi kilikwisha kuitumia njia hiyo dhidi ya taasisi za Ulaya kabla haijazibwa. Muda wote huo mshambuliaji alijua na aliyeshambuliwa hakujua. Kwake yeye ukimya haukuwa kinga ya aina yoyote.

Hata nusu ya maelezo ina madhara yake. Septemba 2023 Apple na maabara ya Citizen Lab ya Toronto waliripoti kwa Google kasoro katika usomaji wa picha za muundo uitwao WebP. Google iliziba Chrome tarehe 11, na siku iliyofuata Mozilla ikaziba Firefox pamoja na programu yake ya barua pepe, Thunderbird. Tatizo ni kwamba mwanzoni kasoro hiyo iliorodheshwa kana kwamba ni ya Chrome, ingawa ilikuwa ndani ya libwebp, maktaba ya msimbo wa kusomea picha hizo inayotumiwa na programu nyingine chungu nzima. Watunzaji wa programu hizo hawakuambiwa waziwazi kwamba ufa huo uko kwao pia, na ikawabidi kuchimba wenyewe.

Kwa hiyo nauunga mkono ukomo wa siku 90, lakini naukosoa kwa jambo ambalo Google na Microsoft hawalizungumzi vya kutosha. Siku 90 ni za mtengenezaji. Mtumiaji alihesabiwa baadaye, mwaka 2021, Project Zero ilipoongeza siku 30 baada ya marekebisho kabla ya kutoa maelezo ya kiufundi. Siku hizo zinamtosha mtu ambaye kompyuta yake hujisasisha usiku akiwa amelala. Kwa anayenunua bando la siku na kuzima masasisho ili lisiliwe, siku 30 hupita kama upepo.

Kuna duka la steshenari ninalokwenda kuchapisha nyaraka, na kompyuta yake inaendesha Windows 7. Chrome yake imekwama kwenye toleo la 109, ambalo ndilo la mwisho kwa mfumo huo, kwa kuwa kuanzia Februari 2023 Google haikutoa tena matoleo mapya kwa ajili yake. Juu ya kivinjari kuna ujumbe unaosema kwamba masasisho yajayo yanahitaji Windows 10 au zaidi, na kila asubuhi kijana wa duka huufunga ili aanze kazi. Wateja hupanga foleni, huingia kwenye barua pepe zao, hupakua fomu za maombi ya kazi, huchapisha na kuondoka, na wengine husahau kutoka kwenye akaunti. Kwa kompyuta hii, kila maelezo ya kasoro ya Chrome yanayotangazwa leo ni habari ya ufa ambao hautazibwa.

Hilo halinifanyi niombe ukimya, kwani msimbo wa Chromium, ambao ndio msingi wa Chrome, uko wazi, na fundi mwenye subira akilinganisha ya jana na ya leo ataona kilichorekebishwa. Ninachoomba ni kutenganisha tahadhari na silaha. Mwezi Julai 2025 Project Zero ilianza kutangaza, ndani ya wiki moja tangu kuripoti, jina la mtengenezaji, bidhaa husika na tarehe ya ukomo, bila maelezo ya kiufundi. Hiyo ni tahadhari, na inaweza kutolewa mapema kuliko ilivyozoeleka. Msimbo unaoshambulia ni jambo jingine. Kwa kasoro za vivinjari na barua pepe, ambavyo kila mtu anavitumia, ungoje kwa miezi na si kwa siku 30, na atakayedhani unachelewa aonyeshe ni mlinzi gani ameshindwa kufanya kazi kwa kuukosa. Watengenezaji nao watoe masasisho ya usalama peke yake, yakiwa madogo, bila kuyafunga pamoja na mapambo mapya yanayomla mtu bando, na waandike tarehe ya mwisho ya huduma mahali ambapo mnunuzi wa kompyuta ya mtumba ataiona kabla ya kulipa.