Pesa Zimelala, Sisi Tunakesha

Mji wetu wa Tanga unasifika kuwa ni wa waja leo waondoka leo, lakini mimi niliyezaliwa Ngamiani nilianza safari ya kwenda kusoma shahada ya uzamili Uingereza tangu mwaka jana, na hadi sasa sijafika hata Segera.

Sikatai kwamba mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza anayebisha hodi ni nani. Fomu ya chuo ilitaka jina la ukoo. Sisi majina yetu ni matatu, la mtu mwenyewe, la baba na la babu, nami nikaandika la babu kwa kuwa ndilo la mwisho. Tangu siku hiyo kila barua ya chuo huanza kwa kumsalimu marehemu babu yangu, mzee aliyekata mkonge maisha yake yote na hakuwahi kuomba nafasi ya kusoma popote. Mama akiniona nimeinamia simu huuliza, "Leo wamemwandikia nini baba mkwe?"

Kisha nikatakiwa kuthibitisha kwamba ninajua Kiingereza. Nilisoma kidato cha kwanza hadi cha sita kwa Kiingereza, nikafanya mitihani ya taifa kwa Kiingereza, na nikachapwa kwa kusema Kiswahili darasani, lakini viboko havina cheti. Nikafanya mtihani wa IELTS, ambao matokeo yake hudumu miaka 2 tu, utadhani Kiingereza ni maziwa, kikikaa kinaganda.

Hayo yote ni mateso madogo. Chuo kilinisamehe ada, Mungu awalipe, lakini sheria ya viza ya mwanafunzi inataka fedha za kujikimu za miezi 9 zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja. Mama akauza kiwanja cha Pongwe, dada akatoa fedha zake za kikoba, na mjomba, ambaye ni mvuvi pale Deep Sea, akatoa akiba aliyoitenga kununua mashine mpya ya boti. Tukaziingiza kwenye akaunti yangu, tukaanza kuhesabu.

Sikujua kwamba pesa zikilala, wenyewe hukosa usingizi. Siku ya 9 upepo uling'oa bati la jiko, na mama akapika wali huku dada amemshikia mwavuli. Siku ya 12, nikiwa na mamilioni benki, nilikwenda kukopa nusu kilo ya sukari, na mwenye duka, kwa kuwa Tanga hakuna siri, aliandika kwenye daftari lake la madeni jina moja tu: "Tajiri." Siku ya 17 mashine ya zamani ya mjomba ilikata roho majini karibu na kisiwa cha Toten, akarudi pwani kwa kupiga kasia, na tangu hapo akawa anapita kwetu kila baada ya Magharibi, kasia begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Zimeamka?"

"Bado, mjomba."

Siku ya 26 benki ilikata ada yake ya mwezi ya kuendesha akaunti. Mimi, kwa ujanja wangu, nilikuwa nimeweka kiasi kilekile kilichotakiwa bila kuzidisha hata senti, kwa hiyo salio likashuka chini ya kiwango kwa shilingi elfu tatu na kitu, ambazo ni mishikaki tu. Nilizirudisha siku ileile, lakini hesabu ya siku haina huruma ya namna hiyo. Ilibidi ianze upya.

Jana jioni mjomba alifika mapema kuliko kawaida, viganja vimemchubuka, akaegemeza kasia ukutani, akauliza kwa furaha kama leo si ndiyo siku ya 28. Nilimwekea kwanza kahawa na kashata mbili, nikasubiri amalize, kwa sababu habari kwamba leo ni siku ya pili haipokelewi na tumbo tupu.