Sigara za kielektroniki vyuoni: sheria ipo, ushawishi uko chumbani

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, imepiga marufuku sigara za kielektroniki pamoja na shisha. Hata sigara ya kawaida haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 21. Mbona basi wanachuo wa Kampala bado wanazipata?

Wengi husingizia matangazo ya mitandaoni, na kweli yamo. Lakini mimi naona mshawishi mkubwa ni mwenzako wa chumbani. Kifaa chenyewe ni kidogo kama flashi, kinachajiwa kwenye kompyuta ile ile ya kuandikia kazi za darasani, na kinanukia embe au stroberi. Hakiachi majivu wala harufu ya kumchongea mtu kwa mzazi. Anayekataa kata kata sigara ya rafiki yake, hiki anakipokea, anaonja, anarudisha. Wiki ya mitihani anakiomba mwenyewe. Nikotini hiyo, kile kitu cha kwenye tumbaku kinachomfanya mtu ashindwe kuacha, na ubongo wa kijana hauishi kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu.

Wapo wanaovitetea vifaa hivi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mvuke wake hauna lami, ule uchafu mweusi wa moshi wa sigara, wala moshi wa tumbaku inayoungua. Uingereza, serikali yenyewe imewahi kuwagawia wavutaji vifaa hivi ili waache sigara, na tafiti zinaonyesha kwamba huwasaidia baadhi yao. Sawa. Ila hoja hiyo inamhusu mtu mzima aliyevuta miaka mingi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kugusa sigara anaacha nini?

Upande wa marufuku nao una kasoro yake. Bidhaa ikiuzwa kwa siri, hakuna anayekagua kilichomo wala kuuliza umri wa mnunuzi. Tena kijana aliyekwisha kunaswa na nikotini anaogopa kwenda zahanati ya chuo, kwa hofu kwamba akijieleza atapelekwa kwenye kamati ya nidhamu.

Kwangu mimi marufuku ibaki, na imbane muuzaji na mwingizaji. Mwanafunzi anayetaka kuacha apokelewe kama mgonjwa, jina lake lisifike kwa msimamizi wa wanafunzi. Na wiki ya kupokea wanafunzi wapya, badala ya kuwasomea adhabu tu, vyuo viwaambie wazi kwamba lile embe limebeba nikotini.